Siku Bulaimu Alipopiga Ngoma ya Siafu

Tarehe 28 Septemba mwaka huu wa 1957, Bwana Bulaimu, kapita mkuu wa pamba wa Wamaza, msimamizi wa mizani na soko, ataivua kofia yake ya kazi baada ya miaka ishirini na saba. Kofia yenyewe imestaafu zamani. Imebaki ukingo na kamba ya kidevuni, lakini kila mkulima kutoka Wamaza mpaka Kabambare anaijua, na wapo watoto wanaodhani kapita huzaliwa nayo.

Bwana Direkta alipouliza nani aandike maneno ya kuaga kwa gazeti letu dogo la kazi, makarani wote walitazama dari. Mimi nilitazama dirishani, na dirishani ndipo Bwana Direkta alipokuwa amesimama. Basi naandika mimi, Raphaël, dereva na fundi wa kamio, malori ya Kampuni, niliyesoma kwa Mapadri mpaka darasa la tano, halafu mimi na hesabu tukaachana kwa amani. Nimefika Albertville, nimefika Usumbura mara tatu, nimekula samaki wa maziwa mawili. Wenye shule ndefu wanisahihishe wanavyotaka, ila waniachie jambo moja. Kati ya wafanyakazi wote wa Kampuni, ni mimi peke yangu niliyemtazama Bwana Bulaimu kutoka angani, ndani ya ndege ambayo masini yake imekufa, nikimwomba Mungu ampe akili ya haraka.

Nitafika huko. Kwanza kazi.

Bulaimu aliingia Kampuni mwaka 1930 kama mbeba mizigo, kijana mwenye shingo nene na sauti ya kuamsha kijiji cha jirani. Wakati ule kamio hazikuwa zinafika Wamaza. Pamba ilitoka huko ikibebwa vichwani mwa watu, na pamba yenyewe ni zao ambalo hakuna aliyeulizwa kama analipenda. Masika moja mto Luama ulifurika, na mizani kubwa ya chuma ilikuwa upande usiofaa. Wenzake walikaa chini wakangoja maji yashuke. Bulaimu aliiweka mizani kichwani, akaingia majini mpaka kidevu, akatoka ng'ambo ya pili akiwa ameikasirikia kama mtu aliyetukanwa na mke wake njia nzima. Mzungu wa wakati ule alimfanya kapita siku ileile. Tangu hapo mtu akimuuliza alisoma wapi, hujibu: “Nilisoma Luama.”

Alikuwa kapita mkali kwa pamba chafu. Mama akileta kikapu chenye pamba ya manjano iliyofunikwa na nyeupe, Bulaimu hakumwaga wala hakutukana. Aliingiza mkono mpaka chini, akatoa ile ya manjano, akaiweka juu ya kikapu mbele ya watu wote, akasema, “Mama, hii ilizama, nimeiokoa.” Mama huyo hakurudia tena, na kicheko cha foleni kilimsindikiza mpaka nyumbani.

Lakini kilichomfanya Bulaimu kuwa Bulaimu ni ngoma. Wasomaji wetu wa mjini waelewe kwamba sisemi ngoma ya ngozi ya kuchezea arusi. Nasema ngoma ya gogo, mti mmoja uliochimbwa ndani na kuachiwa mdomo mrefu mgongoni. Haina ngozi, ina maneno. Mwenye masikio ya kwetu anaisikia ikisema kama mutu anavyosema, na inasikika mbali kuliko baiskeli inavyoweza kwenda kabla ya jua kuwaka. Bulaimu alifundishwa na mjomba wake. Kampuni ilimruhusu kuitumia kuita watu sokoni, na neno la soko lilikuwa hili: “Beba kilicho cheupe, mlango utafungwa na bibi.” Watu wakilisikia asubuhi, kila njia inajaa vikapu.

Lipo neno jingine la ngoma, la zamani kuliko pamba, la zamani kuliko Kampuni, na mimi naweza kuliandika leo kwa sababu hakuna tena wa kufungwa. Ni hili: “Siafu wameingia nyumbani, beba mtoto, acha chungu.” Aliyewahi kuamshwa na siafu hahitaji kuelezwa. Siafu hawabishani nawe. Unatoka ulivyo, unarudi wakimaliza. Zamani wazee walilipiga neno hilo walipokuja wakamata watu. Miaka ya baada ya vita lilipigwa alipokuja Jean-Baptiste.

Jean-Baptiste ni infirmye, muuguzi wa serikali, mtoto wa Kasongo, mwenye viatu vinavyong'aa hata katikati ya matope. Kazi yake ilikuwa kutafuta ugonjwa wa usingizi. Ugonjwa huo unautafuta kwa sindano ndefu ya mgongoni, na habari za sindano hiyo zilitembea haraka kuliko Jean-Baptiste mwenyewe. Wengine walisema inanyonya nguvu za mwanaume. Wengine walisema maji ya uti wa mgongo yanapelekwa Ulaya kutia kwenye taa. Basi kwa miaka minne Jean-Baptiste alifika Wamaza na wabeba masanduku yake, akakuta bugali unatoa moshi jikoni, kuku wanatembea, na bibi mmoja kiziwi amekaa mlangoni. Watu wote walikuwa wameingia porini, kila mmoja kwa njia yake.

Alimjia Bulaimu mara nyingi.

“Papa Bulaimu, ile ngoma inayopigwa nikivuka mto, nani anaipiga?”

“Mwanangu, mimi najua ngoma ya soko tu.”

“Na ile nyingine?”

“Ile labda ni watoto wanacheza.”

“Watoto gani hao wanapiga vizuri hivyo?”

“Watoto wa siku hizi,” alisema Bulaimu, “wameendelea sana.”

Jambo lilifika kwa Bulamatari, yaani serikali. Administrateur wa wakati ule, ambaye sasa amesharudi kwao, alitangaza mbele ya machifu kwamba atakayeshikwa akipiga ngoma ya kukimbiza watu atakwenda gerezani, na kama ana kazi, kazi hiyo imekwisha, na ngoma yake itachomwa moto. Alipotangaza alikuwa anamtazama Bulaimu. Bulaimu alitikisa kichwa kwa huzuni kama mtu anayesikitikia wabaya wasiojulikana.

Sasa tufike kiangazi cha mwaka 1950.

Jean-Baptiste alikuwa ameamua kutumia akili. Aliona kwamba watu wa Wamaza wanaweza kuacha nyumba, wanaweza kuacha bugali, lakini pamba waliyoibeba kichwani tangu alfajiri hawataiacha kirahisi. Kwa hiyo hakuja siku yake. Alikuja siku ya soko, bila kutangulizwa na mtu, akaweka meza yake karibu na mizani na kufunika sanduku lake kwa kitambaa, na Administrateur akaja naye na polisi wawili, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja. Anayetoka kupimisha pamba angepita mbele ya meza ile, atake asitake. Bulaimu aliona meza akaelewa. Ngoma yake ilikuwa pale pale, mkono unaifikia. Hakuigusa. Na wewe usingeigusa.

Wakati huohuo mimi nilikuwa Kasongo nikibishana na pampu. Kamio yetu ilikuwa imelala Kabambare, pampu ya esansi, yaani petroli, imekufa, na pamba inangoja barabarani. Mimi nilikuwa na pampu nyingine mkononi, lakini barabara ilikuwa barabara yetu mnayoijua. Ndipo Bwana Michel, mkulima wa kahawa mwenye ndege yake mwenyewe, akasema atanipeleka. Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, mabawa ya kitambaa, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Nilivaa suti. Wenzangu walinicheka, nikawaambia mtu haendi mbinguni na kaptula.

Bwana Michel alikuwa na desturi moja ambayo ilitaka kuua watu, ingawa ilitoka kwenye moyo mzuri. Siku za soko akipita juu ya Wamaza, alishuka chini kidogo na kurusha vifuko vya chumvi. Watu walimpa jina la Bwana Chumvi. Wakisikia ndege siku ya soko, kina mama walikimbilia katikati ya uwanja, wakatandaza vikwembe, nguo zao za kujifunga, chini au kuvishika pembe nne, wakangoja baraka.

Tuliruka vizuri. Niliona mto Lualaba umelala kama mkanda uliosahauliwa kitandani, niliona misikiti na kanisa la Kasongo vikikaa karibu kuliko wenyewe wanavyodhani. Nilikuwa natunga tayari jinsi nitakavyosimulia. Halafu, tukiwa tumekaribia Wamaza, masini ilikohoa. Ikakohoa tena, kama mzee anayetaka kusema jambo. Kisha ikanyamaza, na lile panga la mbele likasimama wima mbele yetu kama kijiti.

Nimesikia kelele nyingi katika maisha yangu ya fundi. Kimya kile ndicho kilichonitisha kuliko zote.

“Raphaël,” alisema Bwana Michel bila kugeuka, “tunashuka.”

“Wapi, Bwana?”

“Wewe unaona nini huko chini?”

“Naona miti, Bwana.”

“Basi nitafutie mahali pasipo miti. Nawe ufanye haraka.”

Mahali pasipo miti palikuwa pamoja tu: uwanja wa soko wa Wamaza, ambao Bulaimu hulimisha majani yake kila kiangazi, na ambao Jumapili vijana huchezea mpira. Ni mrefu, ni mnyoofu, na mwisho wake siku ile palikuwa na lundo la pamba iliyokwisha kupimwa, kubwa kuliko nyumba. Bwana Michel aligeuza pua ya ndege kuelekea huko. Nikashukuru Mungu. Halafu nikatazama vizuri, nikaacha kushukuru.

Watu walikuwa wanakimbilia katikati. Kutoka kila upande, kina mama, watoto, wazee wenye fimbo, wote wanakuja chini yetu na vikwembe vyao. Bwana Michel aliwapungia mkono watoke. Wakampungia. Alipiga kelele. Nao wakapiga. Masini haingurumi, lakini wao waliona kwamba leo Bwana Chumvi anakuja polepole ili vifuko visipasuke. Uwanja ulikuwa umetandikwa nguo za rangi zote kama wa arusi, na sisi tulikuwa tunashuka juu yake na magurudumu.

Bwana Michel alisema neno moja la kwao ambalo sitaliandika. Kurudi juu haikuwezekana. Kugeuka ilikuwa kuingia mitini. Nilikuwa na pampu magotini, nikafikiri kuirusha ili niwatishe, lakini utamuokoaje mtu kwa kumpasua kichwa?

Sasa mambo ya chini. Haya nilisimuliwa na Safi, mke wa Bulaimu, ambaye huuza vitumbua karibu na mizani, na Safi hasemi uongo isipokuwa kwa bei ya vitumbua. Msimu ule alikuwa na desturi ya kusinzia nyuma ya kikapu chake mchana kweupe, watu wakamtania kwamba anaota vitumbua badala ya kuviuza. Anasema aliamshwa na sauti ya mume wake. Bulaimu alikuwa ametazama juu, akaona panga limesimama, akaelewa. Kapita wa Luama anajua kitu kinachobebwa na kitu kinachoanguka. Alipiga kelele, ile sauti ya kuamsha kijiji cha jirani, lakini furaha ya watu ilikuwa kubwa kuliko sauti yake. Polisi walipuliza filimbi, watu wakadhani ndiyo ruhusa ya kuanza kugombea.

Administrateur alikuwa amesimama, kiti chake kimeanguka.

“Kapita, toa watu pale! Toa!”

Bulaimu alitazama ngoma. Akamtazama Administrateur, aliyeahidi gereza. Akamtazama Jean-Baptiste, aliyeitafuta ngoma ile miaka minne. Walikuwa hatua chache tu kutoka kwake, wenye masikio wote wawili.

“Baba Heri,” alisema Safi, “unangoja nini?”

“Mama Heri,” alisema Bulaimu akiokota vijiti vyake, “wakinifunga, kofia yangu usimpe mdogo wangu. Kichwa chake ni kikubwa, ataipanua.”

Akapiga siafu.

Wenzangu, mimi nimeona mambo. Lakini jambo lile niliona kutoka juu, na hakuna sinema ya Usumbura itakayonionyesha tena. Watu walisimama kidogo, kama maji yanayofikiri. Halafu kila mama akanyakua mtoto, wake au wa jirani, na uwanja ukapasuka. Hawakugongana. Hawakukanyagana. Mtu mwingine angedhani umati wa namna ile utauana wenyewe kwa wenyewe, lakini hawa walikuwa na miaka minne ya kumkimbia Jean-Baptiste, na kila mmoja alikuwa na kichochoro chake, na jani lake la kukaa nyuma. Hata polisi mmoja, mtoto wa huko, aliingia porini na bunduki yake kabla ya kukumbuka amevaa nguo za serikali. Bibi kiziwi ndiye aliyebaki, na Bulaimu alikuwa ametuma mtu ambebe. Uwanja ulibaki na vikwembe tu, vimetandazwa, na vikapu.

Acha chungu. Walikiacha.

Tuligusa chini, tukaruka, tukagusa tena. Bawa la kushoto lilichukua goli la vijana likaondoka nalo. Kikwembe kimoja chenye maua mekundu kilijisonga kwenye gurudumu, na nadhani ndicho kilichotupunguza mwendo. Mwishoni ndege iliingiza pua yake ndani ya lundo la pamba, taratibu, kama mutoto anayeingia kifuani kwa mama yake, ikatulia. Bwana Michel alipasuka juu ya jicho. Mimi nilipoteza jino moja, ambalo tangu zamani lilikuwa na nia ya kuondoka. Pampu haikupata hata alama.

Nilipotoka katika pamba, mweupe kama mzimu, hakuna aliyekuja kunipokea. Wote walikuwa wanatazama upande mwingine. Katikati ya uwanja ule mtupu alikuwa amesimama Bulaimu na vijiti viwili mkononi, na mbele yake Administrateur na Jean-Baptiste. Na porini pote kimya, maana watu walikuwa wamelala katika majani wakisikiliza.

“Kapita,” alisema Administrateur katika Kiswahili chake, “hii ngoma inasema nini?”

“Inasema siafu, Bwana.”

“Siafu iko wapi?”

Bulaimu aligeuka, akaitazama ndege iliyochomeka katika pamba.

“Leo walipitia juu, Bwana.”

Administrateur hakucheka. Alimgeukia Jean-Baptiste. “Wewe ulileta mashitaka. Ulisema ukiisikia utaijua. Ni hii?”

Jean-Baptiste alitoa leso, akafuta kiatu kimoja. Kisha akafuta cha pili. Nilikuwa na damu mdomoni lakini nilisahau kuitema. Miaka minne alikuwa amebeba masanduku mpaka kwenye nyumba tupu. Alikuwa amechekwa na kuku wa Wamaza. Neno moja tu, na Bulaimu anaondoka na kamba mkononi, na gogo la mjomba wake linageuka kuni.

“Bwana,” alisema, “ngoma niliyoisikia mimi ilininyima watu. Hii imetuachia watu, wazima wote. Siwezi kuapa kwamba ni moja.”

Administrateur hakuwa mtoto. Alitazama vikwembe vile vimetandazwa, na alama za magurudumu zilizopita juu yake toka mwanzo mpaka mwisho wa uwanja, na nadhani aliona alichokuwa karibu kukiona. Aliinua kiti chake.

“Basi utaendelea kuitafuta,” alimwambia Jean-Baptiste. “Siyo leo.”

Kilichofuata kilisemwa nyuma ya bawa, mahali ambapo nilikuwa nimepiga magoti nikitafuta jino langu, kwa hiyo nilisikia yote.

“Papa Bulaimu, nimekusitiri.”

“Mwanangu, Mungu akuzidishie.”

“Mungu baadaye. Kwanza wewe. Utapiga ngoma ya soko, warudi. Wakirudi, utavua shati mbele yao, ulale juu ya meza yangu. Wewe wa kwanza.”

Ndugu zangu, mtu aliyebeba mizani kuvuka Luama alirudi nyuma hatua nzima. Ndipo nilipojua kwamba katika Wamaza yote hakuna aliyeiogopa sindano ile kuliko Bulaimu.

“Usingechukua mbuzi, mwanangu? Nina mbuzi mzuri.”

“Mbuzi haugui usingizi.”

“Na kama nikilia?”

“Ukilia, wataona kwamba mtu analia na bado anaamka. Ndicho ninachotaka waone.”

Bulaimu alipiga ngoma ya soko. Beba kilicho cheupe, mlango utafungwa na bibi. Watu walitoka majanini mmoja mmoja, na polisi wetu kati yao akijipangusa. Wakamkuta kapita wao tumbo wazi, amejikunja juu ya meza ya Jean-Baptiste kama mutoto tumboni, anashika mkono wa Safi. Safi anasema mume wake aliimba wakati sindano inaingia. Mimi nilikuwepo, na mimi najua nyimbo. Haukuwa wimbo. Lakini alipomaliza aliinuka, akavaa kofia kabla ya shati, akawaambia watu, “Nguvu zangu ziko palepale. Mwenye shaka aje tushindane.” Foleni ikaanza, na wa kwanza nyuma yake alikuwa mke wake, kwa sababu alikuwa bado amemshika mkono.

Nitasema jambo hili kwa ufupi, kwani Bwana Bulaimu mwenyewe halipendi. Yeye hakuwa na ugonjwa. Safi alikuwa nao. Ule usingizi wa nyuma ya kikapu, ambao wote tuliucheka, haukuwa uvivu. Jean-Baptiste alimpeleka Kasongo wiki ileile, katika kamio yangu, ambayo ilikuwa imepata pampu yake. Alitibiwa kwa miezi. Alirudi amekonda, mkali kuliko alivyoondoka, na vitumbua vyake vilikuwa vimepanda bei.

Ile siku niliyowapeleka, Bulaimu alikaa mbele karibu nami mpaka Kasongo. Tulipofika tu ndipo aliniuliza, “Raphaël, mimi nilipiga ile ngoma mara ngapi?” Nilimwambia mimi na hesabu tuliachana zamani. Akashuka.

Tangu siku hiyo ngoma ya siafu haijapigwa tena Wamaza. Badala yake Bulaimu alifunga gogo lake nyuma ya baiskeli, akatembea na Jean-Baptiste kijiji kwa kijiji, siku zake za mapumziko, akimwitia watu. Palipokuwa na wagumu, alivua shati akawaonyesha mgongo. Wapo waliokuja kwa ajili ya dawa, na wapo waliokuja kuona mgongo wa kapita. Wote walipimwa.

Mtauliza masini ilikufa kwa nini. Niliichunguza mwenyewe, jino langu likiwa mfukoni. Ndege ilikuwa imekaa kwa majuma kadhaa katika banda la majani pale Kasongo, na nyigu wale wajenzi wa nyumba za udongo walikuwa wamejenga ndani ya bomba dogo linalovutia hewa kwenye tanki ya esansi. Hewa haiingii, esansi haitoki. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, imepigwa lipu ndani. Bwana Michel alitengeneza ndege yake, akaenda nayo, na chumvi alianza kuileta kwa mkono, akiwa amekaa chini kama watu. Direkta wa wakati ule alilalamika kwamba pamba ya lundo lile ilinuka oili. Tulimwambia ni harufu ya watu waliobaki wazima.

Kutoka mwaka 1951 Bwana Bulaimu ni kapita mkuu. Amefundisha vijana wa mizani katika masoko yote ya upande wetu, na mmoja wao, Moustapha, ndiye atakayechukua nafasi yake. Moustapha ni kijana mzuri, anatumia filimbi. Tunamwombea. Filimbi haijui kusema neno.

Kampuni imekubali kwamba ngoma, ambayo kwa miaka mingi imeandikwa kuwa mali ya soko, irudi kwa mwenyewe. Atakayemkabidhi ni Jean-Baptiste, ambaye leo ni mkubwa wa zahanati, na ameniambia viatu vya siku hiyo ameshavinunua. Sherehe itafanyika uwanjani palepale, karibu na goli jipya.

Mzee Bulaimu, wafanyakazi wenzako wa Kasongo na wa Kabambare tunakushukuru kwa shingo yako, kwa sauti yako na kwa mgongo wako. Uende ukalime unachokipenda sasa, hata kama siyo cheupe. Uone wajukuu wa Heri, na Mama Heri asisinzie isipokuwa usiku. Maisha yako yawe mema, marefu, yasiyo na sindano.

Tunakuomba jambo moja tu. Siku hiyo utakapopewa gogo lako mbele ya watu, mikono itakuwasha, tunakujua. Piga ya soko. Miguu yetu haijasahau ile nyingine, na chungu cha Safi kitakuwa motoni, na safari hii hakuna mutu anayetaka kukiacha.